Kimbunga Hidaya: Upepo Ulipotulia, Maji Yakaendelea

Jumatano ya tarehe 1 Mei 2024, siku ya sikukuu ya wafanyakazi, wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wanafuatilia mgandamizo mdogo wa hewa uliojitokeza katika Bahari ya Hindi, mashariki mwa pwani ya Mtwara. Kufikia Ijumaa tarehe 3 mgandamizo huo ulikuwa umekwisha kupewa jina la Hidaya na umekuwa kimbunga kamili. Usiku wa Jumamosi tarehe 4, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu baada ya kufika katika Kisiwa cha Mafia. Kilizaliwa, kikakua, kikafika na kikafa ndani ya siku nne.

Dar es Salaam, ambako boti za Zanzibar zilikuwa zimesitisha safari na watu wameshinda na simu mkononi wakisubiri habari, tangazo hilo lilipokewa kwa shukrani. Haukupita muda kabla baadhi ya watu hawajaanza kuuliza kama tahadhari ilikuwa imetiwa chumvi. Lakini siku hizohizo, upande wa kusini, barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa imekatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na Kilwa yenyewe ilikuwa imepokea ndani ya saa 24 takriban milimita 200 za mvua, ilhali wastani wake wa Mei nzima haufiki milimita 100.

Mambo hayo mawili huonekana kama yanapingana. Ikiwa kimbunga kilikufa Mafia, nani alivunja barabara ya Somanga? Jibu linahitaji kutenganisha vitu viwili ambavyo lugha yetu ya kila siku huvifunga katika neno moja la kimbunga: upepo na maji. Upepo wa Hidaya ulikufa, kweli. Maji yake hayakufa, kwa sababu maji hayafi. Yakishapanda angani ni lazima yashuke mahali fulani, na yakishashuka ni lazima yatafute njia ya kurudi baharini.

Chungu kinachochemka katikati ya bahari

Kimbunga cha kitropiki ni mtambo unaoendeshwa na mvuke. Kuni zake ni bahari yenye joto: kwa kawaida maji ya juu huhitaji kufikia nyuzi joto 26.5 za Selsiasi au zaidi, na joto hilo lishuke chini kiasi cha makumi ya mita, si utando wa juu tu. Bahari ya namna hiyo hutoa mvuke mwingi. Mvuke unapopanda hupoa na kugeuka matone, na wakati wa kugeuka matone hutoa joto ambalo ulilibeba tangu ulipotoka baharini. Joto hilo huipasha hewa iliyo juu, hewa hiyo hupanda zaidi, na mgandamizo wa hewa juu ya uso wa bahari hupungua. Hewa ya pembeni hukimbilia pale penye upungufu, nayo huja na mvuke mwingine. Kadiri mtambo unavyozunguka ndivyo unavyojiongezea kuni.

Hewa hiyo haiendi katikati moja kwa moja. Mzunguko wa dunia huipindisha, na huku kwetu kusini mwa Ikweta huipindisha mpaka izunguke kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Nguvu hiyo ya kupindisha ni sifuri kwenye Ikweta yenyewe na huongezeka kadiri mtu anavyokwenda mbali nayo. Ndiyo maana vimbunga huwa nadra sana ndani ya nyuzi tano za latitudo kutoka Ikweta, na ndiyo maana Mombasa na Tanga zimekuwa na amani zaidi kuliko Lindi na Mtwara, ambazo ziko karibu na nyuzi 10. Pwani ya Tanzania iko ukingoni mwa eneo la vimbunga, ambako wageni hawa huja mara chache. Jambo linalokuja mara chache halifanyiwi mazoezi, na hiyo ni hatari ya peke yake.

Si kwamba hawajawahi kuja. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar katika enzi ya Sultani Barghash bin Said, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi kiasi kwamba Pemba, iliyonusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo iliyobaki kuwa kisiwa kikuu cha karafuu. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija na kuingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, huku wakazi wa Mtwara wakiwa wamejiandaa kukipokea. Aprili 2021 Jobo kilikuja moja kwa moja kuelekea pwani ya Tanzania, kikadhoofika kabla ya kufika.

Tarehe hizo zinafanana mno kuwa bahati. Zote ziko katika kipindi ambacho mabaharia wa pwani hukiita maleleji, pale kaskazi inapokuwa imekwisha na kusi bado haijashika. Ukanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, ambao katikati ya msimu hukaa kusini zaidi, huwa unarudi kuelekea Ikweta na hupita juu ya bahari yetu wakati bahari hiyo imekusanya joto la miezi yote ya kiangazi cha kusini. Kwa hiyo kimbunga kinachozaliwa Desemba au Januari mara nyingi ni shida ya Madagaska, Réunion na Morisi. Kinachozaliwa mwishoni kabisa mwa msimu ndicho chenye nafasi ya kuwa shida yetu. Hidaya kilikuwa cha nane kupewa jina katika msimu wake, na kilikuja Mei, wakati msimu wenyewe huhesabiwa kuwa umefungwa mwishoni mwa Aprili.

Kukua kwa haraka, na kwa nini haraka ni hatari kuliko ukubwa

Mwaka 2023 kimbunga Freddy kilianza mwanzoni mwa Februari karibu na Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote kabla ya kuifikia Madagaska tarehe 21 ya mwezi huo. Watu walikuwa na wiki mbili za kukitazama kikija. Hidaya hakikuvuka bahari yoyote. Kilizaliwa karibu na pwani yenyewe, kaskazini mwa Komoro, na kutoka hapo mpaka ufukweni ni safari ya siku mbili tatu.

Kukua kwake kulifuata masharti yanayojulikana. Bahari ilikuwa na joto lisilo la kawaida, kwani mwaka ule ulikuwa wa El Niño. Sharti la pili halionekani kwa macho: upepo wa chini na upepo wa juu sana angani lazima uwe unakwenda pamoja, kwa mwelekeo na kasi zinazokaribiana. Upepo wa juu ukiwa mkali na umeelekea kwingine, huipindua nguzo ya mawingu kama mtu anayesukuma mnara wa sufuria, na mtambo hupoteza joto lake kabla halijajilimbikiza. Kisha kuna suala la umbo. Vimbunga vinavyozaliwa karibu na Ikweta mara nyingi huwa vidogo kwa upana, na gurudumu dogo huongeza kasi upesi kuliko gurudumu kubwa, kama ambavyo pia husimama upesi. Wataalamu huliita tukio kuwa ni ukuaji wa ghafla pale upepo unapoongezeka kwa kilomita 55 kwa saa ndani ya siku moja, na ukuaji huo ndio unaowasumbua kuliko jambo lolote katika utabiri wa vimbunga.

Fikiria maana ya siku hizo nne kwa mvuvi wa Songosongo au Kilwa Kivinje. Siku ya kwanza habari bado ni mgandamizo mdogo wa hewa, maneno ambayo husikika redioni mara kwa mara na mengi yao huishia hewani. Siku ya pili kuna jina. Siku ya tatu ni kimbunga kamili. Siku ya nne kimefika. Mtu aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya siku kadhaa mbali na nyumbani, anaweza kuondoka hakuna kitu na kurudi akiwa mbele ya kimbunga.

Daraja la kimbunga hupima upepo peke yake

Katika eneo letu la Bahari ya Hindi, mfumo hupewa jina pale upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa. Ukifika kilomita 118 kwa saa huitwa kimbunga cha kitropiki, na ukifika kilomita 166 huitwa kimbunga kikali. Ngazi hizo ni za lazima kwa sababu meli, nguzo za umeme na mapaa ya bati hujali kasi ya upepo. Lakini hakuna hata ngazi moja kati yake inayosema chochote kuhusu mvua. Mtu anayesikia kwamba kimbunga kimeshuka daraja na kuelewa kwamba mvua pia imepungua, amefanya kosa ambalo istilahi zenyewe zinamsukuma alifanye.

Mfano ulio wazi kuliko wote niujuao haukutokea Afrika. Tarehe 17 Septemba 2019, mgandamizo mdogo wa hewa uliokuwa mlangoni kabisa mwa pwani ya Texas, Marekani, ulikua na kupewa jina la Imelda, ukaingia nchi kavu karibu na mji wa Freeport siku hiyohiyo. Upepo wake haukuwahi kukaribia kuwa kimbunga. Ulipita kwa kiasi kidogo tu kiwango cha kustahili jina. Kwa kipimo cha upepo lilikuwa jambo dogo. Lakini ulikwenda polepole sana, karibu kusimama, huku ukiendelea kuvuta unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, na katika siku chache zilizofuata baadhi ya maeneo ya kusini-mashariki mwa Texas yalipimwa zaidi ya milimita 1,000 za mvua. Hicho ni kiasi ambacho Dar es Salaam hupata kwa mwaka mzima.

Kiasi cha mvua ambacho mahali hupata huamuliwa na vitu viwili kwa pamoja: mvua inanyesha kwa nguvu gani kila saa, na inanyesha kwa saa ngapi. Kimbunga chenye upepo mkali kinachopita haraka kinaweza kumwaga maji kidogo kuliko dhoruba dhaifu iliyokaa juu ya wilaya moja siku mbili. Nacho kimbunga kinapokufa, kinachovunjika ni ule mzunguko wa kati uliokuwa unaendesha upepo. Mawingu yaliyojengwa kwa siku tatu juu ya bahari ya nyuzi 29 hayatoweki kwa tangazo. Yanapoteza nidhamu, yanatawanyika, na yanapotawanyika juu ya nchi kavu yanashusha mzigo wao.

Kwa nini Kilwa na si Dar es Salaam

Tazama ramani ya pwani. Mafia iko karibu katikati ya Dar es Salaam na Kilwa Masoko. Kimbunga kilichofika Mafia kilikuwa mbali na miji hiyo miwili kwa umbali usiotofautiana sana. Kwa nini basi mmoja ulilala salama na mwingine ukafurika?

Chukua sahani, iweke juu ya ramani katikati ya Mafia, kisha izungushe kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Utaona kwamba ukingo wa sahani ulio upande wa kaskazini unatoka magharibi kwenda mashariki, yaani unatoka nchi kavu kuelekea baharini. Ukingo ulio upande wa kusini unafanya kinyume chake: unatoka baharini kuingia nchi kavu. Upepo wa kimbunga kinachokuja kutoka mashariki hufanya hivyohivyo. Upande wa Dar es Salaam upepo wake hutoka bara, ukiwa na unyevu mdogo, na husukuma bahari iende mbali na ufuko. Upande wa Kilwa, Lindi na Mtwara upepo hutoka bahari ya joto, umelowa, na husukuma maji na mawimbi kuyaleta ufukweni. Zaidi ya hapo, mwendo wa kimbunga chenyewe kuelekea magharibi hujumlishwa kwenye upepo wa upande wa kusini na kupunguzwa kwenye ule wa kaskazini.

Hiyo ndiyo sababu naamini malalamiko dhidi ya tahadhari ya Hidaya hayakuwa ya haki. Njia ya kimbunga ikitabiriwa siku mbili kabla, kukosea kwa kilomita 100 au 150 si uzembe. Ndiyo hali ya sayansi yenyewe. Kama kitovu kingepita kilomita 150 kaskazini zaidi, Dar es Salaam yenye mamilioni ya watu, mabonde ya Jangwani na Msimbazi, na mitaro iliyojaa taka, ingekuwa upande wa kusini wa sahani. Aliyeonywa na hakupigwa hakudanganywa. Na Kilwa ilionywa, ikapigwa.

Kuna jambo la ardhi pia. Hewa iliyolowa ikiingia bara kutoka Somanga na Kilwa hukutana na vilima vya Matumbi, ambavyo si virefu, lakini vinatosha kuisukuma ipande. Hewa inayopanda hupoa, na inayopoa huachia maji. Yale maji hushuka kwa vijito vifupi vinavyorudi pwani upesi, wakati mwingine ndani ya saa chache tu, na karibu vyote ni lazima vipite chini ya barabara moja.

Hesabu ya milimita 200

Milimita za mvua ni kipimo ambacho wengi wetu tunakisikia bila kukiona. Njia nyepesi ya kukiona ni hii: milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Nyumba ya kawaida ya bati yenye paa la mita 8 kwa mita 10 ina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 200 juu ya paa hilo ni lita 16,000, yaani simtanki kumi na sita za lita elfu moja, au ndoo 800 za lita ishirini. Maji hayo yote yanamwagika kwenye kiwanja kimoja ndani ya siku moja, na jirani naye anamwaga yake, na shule, na msikiti, na soko. Kilomita moja ya mraba hupokea lita milioni 200. Bonde la mto mdogo linaweza kuwa na kilomita za mraba mamia kadhaa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa huhesabu mvua kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kilwa ilipata mara nne ya hiyo, na katika mwezi ambao mvua za kusini huwa zinaaga. Maana mikoa ya Lindi na Mtwara haina masika na vuli kama Dar es Salaam na Tanga. Ina msimu mmoja wa mvua unaoanza karibu Novemba na kwisha karibu Aprili. Mei ni mwezi wa kuanika, si wa kujikinga.

Maji ya mvua yana njia tatu: kuzama ardhini, kurudi angani, au kutiririka. Mei 2024 njia ya kwanza ilikuwa imefungwa. Msimu wote ulikuwa wa mvua nyingi kupita kiasi. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kufa nchini kutokana na mafuriko na maporomoko, na bonde la Rufiji, jirani kabisa na Kilwa, lilikuwa limegeuka ziwa, mashamba na nyumba vikiwa chini ya maji. Udongo uliokwisha kushiba hauna pa kuweka tone jingine. Mvua ileile ambayo Novemba ingezama nusu yake, Mei ilitiririka karibu yote.

Ndipo tunapofika Somanga. Barabara ya kusini inavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Daraja hilo kubwa, juu ya mto mkubwa kuliko yote nchini, lilisimama. Vilivyoshindwa ni vivuko vidogo vilivyo mbele yake, na namna vinavyoshindwa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo namna ambavyo barabara nyingi za pwani hukatika.

Kalavati ni mdomo wenye kipimo. Limejengwa kupitisha kiasi fulani cha maji kwa sekunde, na zaidi ya hapo halipitishi. Mafuriko hayaji na maji matupu; huja na magogo, matete, migomba iliyong'oka na mchanga, na vitu hivyo hujipanga mbele ya mdomo mpaka unabaki nusu. Tuta la barabara sasa limekuwa bwawa, ingawa hakuna mtu aliyelijenga liwe bwawa. Maji yanapanda upande wa juu. Yanapofika kimo cha lami yanaanza kuvuka, mwanzoni kama utando mwembamba ambao dereva anaweza kuudharau, kisha kwa kishindo upande wa pili, yakichimba udongo wa tuta kutokea chini. Lami inabaki ikining'inia juu ya shimo kama ukoko juu ya sufuria iliyokwisha kuchotwa. Mara inavunjika. Kuanzia hapo maji hayahitaji tena kalavati, yamejitengenezea mto.

Dereva anayetazama lami kutoka juu hawezi kujua kama chini yake bado kuna udongo. Hii ndiyo sababu kuvuka barabara iliyofunikwa na maji, hata maji ya magotini, kumeua watu wengi katika mafuriko ya Afrika Mashariki. Hoja haiishii kwenye nguvu ya mkondo: ile barabara unayoikumbuka huenda haipo tena.

Bahari nayo ilikuwa na kauli

Mafuriko ya pwani yana mlango wa pili. Kimbunga kinapokuja, mgandamizo mdogo katikati yake huiacha bahari ivimbe kidogo, na upepo unaoelekea nchi kavu huyasukuma maji mpaka yajae ufukweni. Kina hicho cha nyongeza hukaa juu ya maji kupwa au maji kujaa ya siku hiyo. Katika pwani yetu tofauti kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, hupita mita tatu, kwa hiyo saa na tarehe ya kimbunga kufika si jambo dogo. Kimbunga kikifika wakati wa bamvua na maji yamejaa, mito haiwezi kumwaga: maji ya mvua yanashuka, maji ya bahari yanapanda mdomoni mwa mto, na wanaokaa katikati hufurikiwa kutoka pande mbili.

Hidaya kilifika mwezi ukiwa umeingia robo ya mwisho siku tatu tu kabla, yaani karibu na maji mafu, wakati bahari haijai sana wala haipwi sana. Mwezi mwandamo ulikuwa mbele kwa siku nne hivi. Kama kimbunga kingechelewa mpaka wakati huo, tungekuwa tunazungumzia mafuriko ya namna nyingine Kilwa Kivinje na katika delta ya Rufiji. Mikoko ya delta hiyo, ambayo ni msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, huvunja mawimbi na kupunguza kasi ya bahari. Haiwezi kufanya lolote dhidi ya mto unaokuja kutoka nyuma yake.

Kusoma tahadhari kwa swali la maji

Tahadhari za Mamlaka hutolewa kwa ngazi: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake kuanzia njano hadi nyekundu. Ngazi hizo huchanganya vitu viwili, uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa madhara yake, kwa hiyo angalizo la mvua kubwa juu ya ardhi iliyoshiba linaweza kumhusu mtu wa bondeni kuliko habari ya kimbunga kilicho mbali. Kwa maoni yangu, taarifa za kimbunga zingesaidia zaidi kama zingetenganisha waziwazi mwisho wa upepo na mwisho wa maji, ziseme kwa mfano kwamba hatari ya upepo imekwisha usiku huu lakini vijito vya Kilwa vitaendelea kupanda mpaka kesho jioni. Anayeamua kama asafirishe basi la abiria alfajiri anahitaji sentensi ya pili kuliko ya kwanza.

Msikilizaji naye anaweza kujiuliza maswali yanayofuata maji. Niko kusini au kaskazini ya njia ya kimbunga? Kinakwenda kwa kasi au kimezubaa? Ardhi imeloa kiasi gani? Mto ulio karibu nami chanzo chake kiko wapi, na huko kunanyesha? Bamvua ni lini? Hakuna swali hata moja hapo linalohitaji mtambo wa satelaiti. Mengi wazee wa pwani wamekuwa wakiyauliza kabla hawajapata redio.

Bahari ya Hindi inaendelea kupata joto, na kila nyuzi moja inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7. Hiyo ina maana kwamba dhoruba ileile, kwa upepo uleule na jina la daraja lilelile, inakuja na mzigo mzito zaidi wa maji. Wiki mbili tu baada ya Hidaya, dhoruba nyingine iliyopewa jina la Ialy ilizaliwa na kupanda kaskazini kuelekea bahari ya Kenya na Somalia, katika mwezi ambao zamani haukuwa na sababu ya kuorodheshwa.

Huko Somanga, tangazo la kimbunga lilikuwa limefungwa tangu usiku wa Jumamosi. Malori na mabasi yalikuwa yamepanga foleni pande zote mbili za barabara iliyokatika, yale ya kwenda Lindi na Mtwara upande huu, yale ya kwenda Dar es Salaam upande ule, katikati maji ya rangi ya udongo yakipita pale lami ilipokuwa. Mafundi walileta mawe na kifusi, wakajaza, wakaendelea kujaza. Ilichukua siku kadhaa kabla ya gari la kwanza kuvuka.